Siku Tisa za Kumngoja Shemeji

Nimeishi Uvira, nimeishi Kigoma, nimeishi Lubumbashi mara mbili, na kila ninapofungua mizigo katika chumba kipya mke wangu huniuliza kama hapa sasa ndipo tutakaa. Nyumba inayonirudia kichwani ni moja tu, ile ya vyumba viwili tuliyopanga Kalemie miaka ya Zaire, nilipokuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi na yeye akiwa na mimba yetu ya kwanza. Tulikuwa tumefunga ndoa kanisani mwaka uliotangulia. Naipenda nyumba ile hadi leo, ingawa kosa langu kubwa kuliko yote nililifanyia pale, na nililifanya kwa kukaa tu.

Ilikuwa kiangazi, vakansi kubwa, shule zimefungwa. Upepo ulipanda kutoka ziwani tangu asubuhi na kujaza mchanga katika sahani. Sikuwa na kazi ila kurekebisha uzio wa lupango, kiwanja chetu, na kumwangalia mke wangu akizidi kuwa mzito. Siku moja mama yake akafika kwa boti kutoka Moba. Kwao ni juu kabisa milimani, kwenye mashamba ya maharagi. Alikuja na gunia la maharagi hayo, kapu la unga na kuku wawili waliofungwa miguu, akisema hatarudi mpaka mjukuu azaliwe.

Hapo ndipo nilipopoteza nyumba yangu. Kwao, na kwetu pia, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye, hasemi naye, na kumgusa ni mwiko mkubwa. Si chuki, ni heshima, ndiyo bukwe. Mtoto wa kwanza akishazaliwa, mama mkwe hupewa zawadi, humpakata mjukuu, na kuanzia siku hiyo mnaweza kuketi pamoja kama watu. Sisi tulibakiwa na miezi miwili tu.

Mtu angedhani kanisa lilikuwa limeyamaliza mambo hayo. Mama mkwe alibatizwa na mapadri akiwa mtoto, na kwao kila Jumapili alitembea mwendo wa saa mbili kwenda misa. Lakini ndani yake ubatizo na bukwe havikugombana hata kidogo. Akitoka nje alikohoa, nami nikageuza uso au nikakimbilia nyuma ya nyumba. Akiwa uani, mimi ndani. Akiwa ndani, mimi nje kwenye upepo na kitabu changu.

Asubuhi moja nilikuwa chooni aliposhuka uani, akatandika mkeka mbele kabisa ya mlango wa choo na kuanza kupukuchua mahindi. Hakujua kama nimo. Kukohoa niliona haya. Nikakaa humo mpaka jua likawa kali juu ya mabati, nikisikia punje zikianguka kwenye beseni. Mwishowe mke wangu alirudi kutoka sokoni, akanitafuta, akaelewa. Akamwita mama yake ndani kwa kisingizio fulani, kisha akaja kugonga.

“Papa, toka basi. Kifungo chako kimeisha.”

Alicheka hadi akashika tumbo. Kwa wiki nzima, kila nilipoenda kule, aliniuliza kama nimebeba chakula cha njiani.

Zilikuwa siku nzuri, sikatai. Kabla ya kulala tulisali rozari wote watatu, mama mkwe na binti yake chumba cha ndani, mimi sebuleni, ukuta wa matofali katikati. Mimi niliongoza, wao wakaitikia. Hayo ndiyo maneno pekee yaliyopita kati yangu na yule mama. Sauti yake ilikuwa nene, ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde, na nilianza kuipenda. Niliona kama tunajuana.

Kisha akakanyaga mwiba wa samaki. Watu wa milimani hawajui mchanga wetu. Alikwenda na jirani pwani kununua ndagala, dagaa wa ziwani, akavua viatu kwa sababu vilikuwa vipya na hakutaka viharibike, na mfupa wa kambale ukamwingia chini ya kidole kikubwa. Alirudi akichechemea na akatania kwamba samaki wa Kalemie wanang'ata hata wakiwa wamekufa. Mke wangu aliuchomoa kwa sindano, akaosha kwa maji ya chumvi. Tukasahau.

Baada ya siku chache mguu ulivimba. Mke wangu alimleta muuguzi wa zahanati, mzee mmoja mpole, akauosha, akaufunga, akatoka nje akanikuta nimeegemea uzio.

“Mwalimu, huu si wa kwangu,” alisema. “Mumupeleke hospitali. Kesho, si kesho kutwa.”

Hospitali ilikuwa mbali, ng'ambo ya mji, na siku zile gari lenye mafuta lilikuwa kama bahati. Watu walibebwa. Mke wangu alimweleza mama yake. Jibu lilinifikia kupitia ukuta kabla mke wangu hajatoka kunipa: yeye ana mtoto wa kiume, na mtoto huyo ndiye atakayembeba. Hatabebwa na wanaume wa jirani kama mwanamke asiye na watu. Na mkwe wake asiombwe kabisa.

Huyo mtoto wa kiume, shemeji yangu, alikuwa mvuvi Zongwe. Tulimpelekea habari kwa boti lililokuwa likishuka kusini. Nahodha alisema siku tatu, nne zikizidi, shemeji atakuwa hapa. Basi tukangoja.

Nataka niseme sawasawa jinsi tulivyongoja. Mke wangu, na tumbo lake lile, alishuka pwani kila asubuhi na kuuliza kila boti lililotoka kusini. Akirudi aliosha kidonda. Mimi niliteka maji. Nilipasua kuni nyingi kuliko zilizohitajika. Nilichemsha maji, nikayaweka mlangoni, nikagonga ukuta mara mbili na kuondoka. Siku ya nne hakuna shemeji. Siku ya tano harufu ilianza kupita chini ya pazia, na mimi, niliyewafundisha watoto somo la usafi na magonjwa kila mwaka, nilijua maana yake. Nilikaa nayo sebuleni. Nilifungua dirisha.

Siku ya sita nilikwenda kwa katekista wetu na kumweleza shida. Nilitamani aniambie nivunje mwiko. Labda nilitamani asiniambie. Alifikiri sana, akauliza yule mama mwenyewe anasemaje. Nikasema anakataa. Akasema basi, amri ya nne inatuambia tuwaheshimu wazazi, na mama mkwe ni mzazi, tusali shemeji afike. Nilirudi nyumbani mwepesi. Sasa hata Mungu alikuwa ameniambia nikae.

Ukweli ni kwamba desturi ile ilinifaa. Tangu utoto naogopa chumba cha mgonjwa. Kama mwiko usingekuwepo ningelazimika kuingia, kuuona mguu, kuamua. Mwiko uliniacha nje na kuni zangu, na juu ya hayo uliniita mwenye heshima. Majirani walisema mwalimu amelelewa vizuri. Nami niliwasikia.

Wakati wa rozari sauti ile nene ilipungua. Kwanza alikuwa akichelewa kuitikia. Halafu alikuwa akianza na kuacha katikati, na mke wangu akimalizia peke yake. Siku ya nane nilisema sehemu yangu ya Salamu Maria na upande wa pili ukaja mnong'ono mmoja tu, wa mke wangu, na hata huo ulikuwa na kilio. Niliendelea kuongoza. Sikujua kitu kingine cha kufanya kwa mdomo wangu.

Asubuhi ya siku ya tisa mke wangu hakwenda pwani. Alitoka chumbani, akasimama mbele yangu nilipokuwa nachochea moto.

“Mubebe,” alisema.

Nikamwambia mama amekataa.

“Mama hasemi tena. Hakatai tena. Mubebe.”

Niliingia. Mara ya kwanza kumwona usoni alikuwa amefumba macho, mwanamke mdogo, si yule mkubwa niliyemjenga kutokana na sauti. Nilichuchumaa na kumpa mgongo. Mke wangu alimwinua, akamlaza juu yangu, akatufunga pamoja kwa vikwembe, vitenge vyake viwili, kama mtu anavyofunga mtoto. Fundo likawa kifuani mwangu. Kichwa chake kilianguka shingoni mwangu, cha moto.

Tulitembea hivyo mji mzima. Mke wangu alikuja nyuma ameshika ule mguu usigonge, na mkono wa pili ameshika tumbo lake. Wanawake wa rika la mama mkwe walipotuona waligeukia ukutani mpaka tupite. Mmoja alimuuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama kwao wanaume wameisha. Mara mbili nilimsikia mama mkwe akitaja jina la mwanawe karibu na sikio langu, na mara zote mbili nilinyamaza.

Daktari aliufungua mguu, akaufunga tena mara moja. Alituambia umeoza kwa wiki nzima, au zaidi. Akauliza tulikuwa wapi. Aliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwanamume. Nilianza kueleza habari ya boti la Zongwe, nikaona mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa madogo. Alisema kwamba siku nne nyuma angekata kidole. Sasa atakata chini ya goti, na tushukuru akipona.

Walimkata mchana huohuo. Alipona.

Shemeji alifika siku mbili baadaye, mbio, na nguo za kazi. Alikuwa amehamia kambi nyingine ya uvuvi, na habari yetu ilimkuta imechelewa. Hakunilaumu. Alikaa chini kwenye baraza ya hospitali, akauliza nani aliyembeba. Mke wangu akamwambia. Wakatazamana wale wawili, ndugu wa tumbo moja, na nikajua kwamba wamekwisha kubaliana bila mimi. Mama alipopata fahamu na kuuliza nani alimleta, binti yake alimwambia kwamba ni mwanawe, kwamba alifika asubuhi ile akambeba. Shemeji aliitikia kwa kichwa. Mama hakukumbuka chochote cha njiani, akaamini.

Nilipinga kidogo, huko nje. Nilimwambia mke wangu huu ni uongo, na sisi ni Wakristo.

“Amepoteza mguu,” alisema. “Unataka apoteze na uso mbele ya watu?”

Binti yetu alizaliwa mwisho wa kiangazi. Mama mkwe alimpakata akiwa bado hospitalini, kisha mwanawe akampeleka nyumbani milimani. Zawadi ya kulegeza bukwe tuliipeleka mwaka uliofuata, vakansi nyingine, mbuzi mmoja na kikwembe kipya. Siku hiyo niliketi naye mkeka mmoja kwa mara ya kwanza. Alikuwa amenenepa. Fimbo yake ililala pembeni na mguu aliobaki nao ulikuwa umenyooka mbele. Shangazi na majirani walikuwa wamejaa uani, na binti yetu akitambaa kati yao.

Alisubiri watu wanyamaze. Kisha akasema na mimi, uso kwa uso, kwa sauti ile nene ambayo ilikuwa imerudi yote.

“Mwanangu, nataka hawa wasikie. Nilikaa katika nyumba yako, nikaugua, nikanuka, nikawa karibu kufa. Hukuingia. Hukunigusa. Ulimngoja mutoto wangu. Wakwe wa siku hizi hawana heshima ile. Mungu akubariki.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Mke wangu alikuwa ameinama juu ya ungo wa mchele, anachagua mawe, hakuinua kichwa. Wote waliningoja.

“Ndiyo, Mama,” nikasema. “Asante, Mama.”

Akanipa paja la kuku kwa mkono wake mwenyewe, nikala mbele yake, naye akaniangalia mpaka nikamaliza.

Baadaye tulipokuwa peke yetu nilimuuliza mke wangu kama hatupaswi siku moja kumwambia. Alikuwa akimvalisha mtoto. Aliniuliza nitamwambia lipi: kwamba nilimbeba, au kwamba nilichelewa kumbeba? Nikasema sijui. Akasema basi nikijua nimwambie yeye kwanza.

Tulikaa pale wiki tatu. Kila siku yule mama alinituma vitu vidogo, nimletee maji, nimsogezee kiti kivulini, nimshike mkono anapoinuka, na kila siku mgeni mpya alipofika alimsimulia upya jinsi nilivyokaa nje bila kumgusa.