Bi Mina na Nasaba ya Nyangumi

Bi Mina Shamsudin wa Dunda alikuwa na kazi ambayo mji mzima uliijua na hakuna aliyeitamani. Nyangumi akifa na bahari ikamtupa ufukweni, kuanzia Zinga mpaka Saadani, yeye ndiye aliyeitwa kwenda kumkata kipande cha ngozi.

Hakuisomea. Alikuwa mhudumu wa ofisi ya uvuvi, anafagia, anachemsha chai, anapeleka barua. Mwaka 2014 alikuja mtafiti kutoka Dar es Salaam, binti aitwaye Adila, akitafuta mtu wa hapa hapa atakayekata ngozi bila kutapika. Wanaume wawili walijaribu wakakimbilia majini. Bi Mina, aliyekuwa akipara samaki tangu utotoni, akachukua kisu akakata. Kazi ikawa yake.

Adila alimfundisha. Kata upande usiopigwa na jua. Kipande kisizidi kiberiti. Tia kwenye kichupa chenye spiriti, andika tarehe na mahali kwa penseli, maana wino unafutika.

"Ndani ya hii ngozi mna vinasaba, mama," alimwambia. "Ukivisoma unajua nani ndugu wa nani, hata kama kwa sura hawafanani."

Bi Mina hakuhitaji maelezo marefu. Nasaba aliijua. Kwao posa haipokelewi mpaka wazee waulizane, huyu mtoto wa nani, na huyo naye wa nani.

Miaka ikaenda. Kufikia mwaka jana alikuwa ametimiza hamsini na saba, magoti yamemchosha, na nyangumi aliowakata walikuwa kumi na mmoja. Wa kumi na mmoja alitupwa Mlingotini, siku ya tano tangu afe, tumbo limevimba kama mtumbwi uliopinduliwa. Bi Mina alimmwagia maji ya bahari kwenye jicho, kama alivyofanya kwa wote, akasema, "Pole, maskini," ndipo akakata. Bodaboda aliyempeleka alikataa kumrudisha kwa ile harufu. Alitembea mpaka barabarani, akapumzika mara nne. Nyumbani binti yake Hafidha alikuwa amemwekea uani ndoo ya maji, sabuni na malimau. Alijisugua mpaka vidole vikamwasha, na harufu haikutoka.

Mwezi uliofuata Adila alikuja ofisini na karatasi kubwa, akaitandaza juu ya meza ya Amiri, afisa uvuvi.

"Shikamoo, mama. Njoo uone kazi yako."

"Marahaba, mwanangu."

Ulikuwa mchoro wa mistari inayogawanyika kama matawi. Kila ncha ilikuwa na jina la nyangumi au pomboo, na mengi yalitoka kwenye vichupa vya Bi Mina. Walio karibu kindugu walikaa tawi moja. Bi Mina alifuata mistari kwa kidole, polepole, mpaka akafika chini kabisa, ambako mstari mmoja ulijitenga peke yake.

"Na huyu wa pembeni?"

"Kiboko. Nimemweka wa kulinganishia."

"Kiboko wa mtoni?"

"Huyo huyo. Kwa wanyama walio hai leo, nyangumi hana ndugu wa karibu kumzidi yeye. Babu yao mmoja, zaidi ya miaka milioni hamsini iliyopita. Kizazi hiki kikaingia baharini, kile kikabaki mitoni."

"Hawafanani."

"Hata kidogo. Wataalamu walibishana miaka mingi, wakitazama mifupa na meno. Vinasaba ndivyo vilivyokata shauri."

Bi Mina aliondoa kidole kwenye karatasi. Aliaga kwa sauti ndogo, akachukua mtandio wake, akatoka. Adila akamgeukia Amiri.

"Nimekosea nini?"

Amiri akamweleza. Mume wa Bi Mina, Abdulazizi, alikuwa na shamba la mpunga bonde la Ruvu. Mwaka 2011, alfajiri, alikuwa anakwenda kuamia ndege wasile mpunga. Njiani akakutana na kiboko anarudi mtoni kutoka kwenye mpunga wa watu. Walimleta nyumbani amefungwa kwenye turubai, na mkewe hakuruhusiwa kulifungua. Hafidha alikuwa darasa la tatu.

Siku ile ya mchoro Bi Mina hakupika. Hafidha alimkuta ameketi kwenye mkeka, viatu bado miguuni.

"Mama, nyangumi hakumuua baba," alisema, alipokwisha kuelezwa.

"Najua."

"Sasa?"

"Miaka yote hii nawapa pole, Hafidha. Kumbe nawapa pole jamaa za yule. Nimechoka tu, mwanangu. Niache."

Wiki tatu baadaye nyangumi mwingine alitupwa ufukwe wa Zinga. Alikuwa mdogo, ana mdomo mrefu kama wa pomboo, na wavuvi wote walisema hawajapata kumwona wa namna hiyo. Amiri alipiga simu. Bi Mina akajibu kwamba magoti yanamuuma. Haukuwa uongo.

Akatumwa mtu mwingine, asiyejua kazi hiyo. Kwa kukosa spiriti, ngozi akaitia kwenye formalini, dawa ambayo huhifadhi nyama vizuri lakini huharibu vinasaba. Adila alipopata habari, mzoga ulikuwa umezikwa siku kumi. Alimpigia Bi Mina, na hakumlaumu.

"Nataka tu ujue, mama. Pengine ni aina ambayo haijaandikwa upande wetu huu. Kwenye mchoro nimeacha mstari mtupu." Akaongeza, "Nisamehe kwa lile jambo. Sikujua."

Bi Mina alisikia uchovu kwenye sauti ya yule binti, akautambua.

"Mfupa hauna hivyo vinasaba?"

"Unavyo. Tena mfupa hukaa navyo muda mrefu."

Kesho yake alikwenda Zinga na Amiri na watu wawili wa majembe. Walichimba kutwa nzima. Shimo likifika kiunoni, maji yanachuruzika kutoka pembeni na mchanga unaporomoka. Siku ya pili, adhuhuri, jembe likagonga taya. Bi Mina aliteremka mwenyewe, wamemshika mikono, akakata kipande cha mfupa kwa msumeno mdogo. Jicho la kumwagia maji halikuwapo tena, na neno la pole hakulisema. Alifanya kazi yake, akaomba avutwe juu.

Majibu yalichukua miezi minne. Nyangumi wa Zinga hakuwa mgeni wa ajabu. Alikuwa wa aina inayojulikana tangu zamani, ila huishi kilindini na mara chache hufika pwani. Adila alieleza kwa unyenyekevu, kama mtu anayeomba radhi.

"Basi mstari umejaa?" Bi Mina aliuliza.

"Umejaa, mama."

"Alhamdulillahi."

Siku hiyo hiyo alimwomba Amiri atafutwe mtu mwingine wa kazi ile. Bi Mina hakumsamehe kiboko, na hakuna aliyemtaka amsamehe. Alichotaka yeye ni kupumzika. Amiri aliandika barua makao makuu. Akaandika ya pili. Hakuna iliyojibiwa.

Kwenye Ramadhani simu ikalia saa kumi jioni. Alikuwa Amiri: nyangumi mkubwa, Saadani.

"Ana siku ngapi?" Bi Mina aliuliza.

"Mbili."

Mtu mwingine hakuwapo, akaweka simu chini. Kisha akamwambia Hafidha amfungie tende na chupa ya maji, kwa kuwa magharibi itamkuta njiani, akainuka kwa kushika ukuta kutafuta viatu.