Mawe ya Moraa kwenye Njia ya Hoteli

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, nilikuwa nimeketi kwenye banda la kuuzia majani chai, kikapu mbele yangu, nikingoja lori la kiwanda. Wakapita wanawake wawili wenye vumbi hadi magotini, mama mzee na binti yake aliyebeba unga wa wimbi kichwani. Walikuwa wametoka Tabaka, wameshuka basi Magwagwa, na sasa walitafuta boma alikoolewa binti mkubwa wa yule mama, ambaye alikuwa amejifungua juzi yake. Mama akaniuliza kama ni mbali.

Nilijua ni mbali. Mbele yao kulikuwa na vilima vitatu, na mto wa katikati ulikuwa umejaa. Hata hivyo nikamwambia, "Ni hapo tu, mama. Mkivuka kijito mmefika."

Sikuwa na nia mbaya. Ndivyo tunavyowajibu wageni huku kwetu hata leo. Kumwambia mgeni kwamba aendako ni mbali tunaona ni kama kumwambia arudi alikotoka. Kwa hiyo tunanyoosha kidevu kuelekea kilimani, tunasema hapo tu, na tunaridhika kwamba tumemsaidia.

Baada ya siku mbili wakarudi. Mama alikuwa anachechemea, amefunga kitambaa kisiginoni. Alisimama mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni ya mizani, akanitazama.

"Ni wewe Hapo Tu?"

Watu wakacheka. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Kijana, ungeniambia ni mbali ningeketi hapa nikala ndizi zangu. Ningelala kwa watu wa kanisa pale sokoni, niondoke asubuhi na nguvu zangu. Wewe ukanipa kijito. Nikavuka kijito, boma hakuna. Kila kilima nilikipanda nikidhani ndicho cha mwisho. Kilichonichosha si njia. Ni neno lako."

Nilichoweza ni kumbebea mzigo wake mpaka Magwagwa, na njiani nikawa namwambia ukweli wa kila kona: bado nusu saa, hapa pana utelezi, kile kilima si cha mwisho. Binti alitembea nyuma yetu akicheka chini chini. Jina lake lilikuwa Moraa. Mwaka uliofuata nilikwenda Tabaka kumposa, ng'ombe wakapelekwa, akawa mke wangu. Mama yake hakunitania tena, maana kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana hata kutazamana ni shida. Moraa akachukua kazi hiyo. Maisha yetu yote aliniita Hapo Tu. Nikimwitikia kutoka shambani kwamba naja kula sasa hivi, aliuliza, "Hiyo ni sasa hivi ya watu au ya kwako?"

Alituacha mwaka juzi, wakati wa mvua ndefu. Sitaandika mengi juu ya hilo. Nitasema tu kwamba alikuja kwangu na kazi ya kwao. Kule Tabaka wanaume huchonga jiwe laini linalochimbwa huko, na wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka linang'aa. Moraa aliendelea kusugua mawe hapa kwangu, akiagiza vibamba kutoka kwa kaka zake. Alipofariki aliacha vibamba vinne ghalani, vipana kama sinia, vimekwisha kusuguliwa, havijachorwa kitu. Nilifunga mlango wa ghala, na ufunguo nikauweka mahali ambapo mkono wangu hauufikii kwa urahisi.

Sasa nije kwenye hoteli. Juu ya kilima cha tatu, kile kile alichopanda mama mkwe wangu na kisigino kikivuja damu, siku hizi kuna hoteli ya kifahari. Aliijenga binti wa huko ambaye ni daktari ng'ambo. Nyumba sita za mawe, vitanda vipana, meko ya kuni chumbani, na bafu la maji moto lililowekwa dirishani ili mtu aoge akitazama bonde zima la chai. Sisi tulicheka. Nani ataacha mji aje alale huku ambako watoto wetu wanatoroka? Lakini nimejifunza kwamba wapo watu ambao likizo yao ni kutafuta hasa mahali kama hapo, mbali na kila kitu, penye kimya na kitanda kizuri.

Binti yangu Nyaboke, aliyekuwa amepika miaka mingi katika hoteli za Kisumu na Mombasa, akarudi nyumbani kuwa msimamizi. Majirani kumi na mmoja wakapata kazi chini yake. Kisha miezi ikapita, na vyumba vikabaki vitupu. Mwenye hoteli akampigia simu akamwambia kwamba Agosti ikiisha hivyo hivyo, atafunga milango.

Nyaboke alikuja kwangu Jumamosi baada ya kanisa, maana sisi ni Wasabato, akaketi kwenye kiti cha mama yake.

"Baba, wageni wanakuja," akasema. "Wanafika Magwagwa, wanauliza, wanaambiwa hapo tu. Wanaendesha nusu saa, wanauliza tena, wanaambiwa hapo tu. Ramani ya simu nayo inawaingiza shambani kwa mtu. Wanaanza kuogopa kwamba wanapelekwa kuibiwa. Wanageuza gari."

Nikamwuliza kama hawaambiwi mapema kwamba ni mbali. Akanipa simu nisome tangazo la hoteli. Lilisema hoteli iko dakika chache tu kutoka Magwagwa.

"Nani aliandika hivi?"

Akaichukua simu yake. "Ni mimi, Baba. Niliona nikisema saa nzima ya barabara ya vumbi, hakuna atakayekuja."

Mwanangu, nilicheka mpaka nikatoa machozi, na machozi hayo hayakuwa ya kicheko peke yake. Nilimwona Moraa akitutazama sisi wawili, baba na binti. Nikainuka, nikauchukua ufunguo, nikafungua ghala.

Siku iliyofuata nilipanda gari la jirani kutoka Magwagwa mpaka kilimani, saa yangu ya mkono nimeishika kiganjani, tukienda kwa mwendo wa mtu asiyeijua njia. Kisha nikaketi uani na msumari na kisu. Jiwe la Tabaka halina ubishi, linakubali mkono. La kwanza nililisimamisha pale Magwagwa lami inapoisha: HOTELI BADO NI MBALI. SAA MOJA. KUNYWA CHAI KWANZA. La pili nikaliweka kabla ya mto: BADO DAKIKA AROBAINI. MVUA IKINYESHA NGOJA HAPA. La tatu chini ya kilima cha mwisho: BADO DAKIKA ISHIRINI. HIKI NDICHO KIBAYA KULIKO VYOTE.

Vijana wa bodaboda wa pale Magwagwa walisimama kunitazama nikifukia jiwe la kwanza. Mmoja akasema, "Mzee, wageni ni wa mtoto wako na wewe ndiye unawafukuza?" Mwingine akasema labda kuna hoteli nyingine imenituma. Walicheka, nami nikaendelea kushindilia udongo. Nyaboke naye alikuwa na hofu, lakini akabadilisha tangazo kwa mkono wake. Aliandika kwamba tuko mbali, barabara ni mbaya, mawe yatawaambia ukweli, na maji ya kuoga ni moto. Mwenye hoteli alipolisoma alipiga simu akasema, "Basi tuone."

Niseme jambo moja la aibu. Lile jiwe la tatu nililikosea. Dereva wa mboga aliniambia kwamba kilima kile kinachukua dakika ishirini na tano, nami nikaenda kupima, nikakuta anasema kweli. Tano si nyingi, lakini nilirudi na kisu nikaongeza.

Ijumaa ya kwanza ya Agosti nilikuwa kwenye lango la hoteli, nikimalizia jiwe la nne, nilipoona gari jekundu kwa vumbi likipanda. Ndani mlikuwa na mume na mke kutoka Nairobi. Yule mke aliteremka kabla gari halijasimama sawasawa, akasoma maneno niliyokuwa nimetoka kuyachora, akaangua kicheko. Nyaboke akaja mbio kuomba radhi kwa ajili ya barabara.

"Radhi ya nini, dada?" yule mama akasema. "Tumekunywa chai mlikotuambia tunywe. Tumengoja mvua mlikotuambia tungoje. Kote tulikowahi kwenda kutafuta hoteli za mbali, hii ndiyo ya kwanza kutuambia ukweli kabla hatujafika."

Jumapili waliondoka, na Jumatatu simu ya Nyaboke haikunyamaza. Waliwaambia wenzao, na hao wakaja kuona mawe kabla hata ya kuona vitanda. Kabla ya katikati ya Agosti nyumba zote sita zilikuwa na watu. Ilibidi waongezwe wafanyakazi, na wawili kati yao ni wale wale vijana wa bodaboda walionicheka. Mmoja ndiye anayeyaosha mawe kila asubuhi. Mwenye hoteli alikuja Desemba, akaendesha mwenyewe kutoka Magwagwa, akisimama kwenye kila jiwe. Alipofika aliniuliza ni nani aliyeyasugua mpaka yakalainika vile. Nikamwambia ni mke wangu. Akasema milango haifungwi, na akinamama waliokuwa wanaanika nguo nyuma ya jikoni wakasikia. Vigelegele vilivuka bonde, watu waliokuwa wanachuma chai ng'ambo wakasimama wakaitikia bila kujua sababu.

Siku hiyo Nyaboke alinipa chumba. Nilioga dirishani nikitazama vilima vyangu mwenyewe kama mgeni. Kile kitanda ni kipana sana. Nililala upande wangu.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Mtu akikuuliza njia, mwambie urefu wake wote, na kibaya kilichomo, na mahali pa kupumzika. Usimpunguzie safari kwa mdomo, maana miguu yake ndiyo itakayolipa. Na ukiwa na kitu kizuri mahali pa mbali, usione haya kusema ni mbali. Anayekitaka atakuja, na atafika akiwa anakuamini.

Mungu akujalie safari ndefu, akuwekee watu wakweli kwenye kila kona yake, akupe maji moto na kitanda mwisho wake. Na utakapokaribia kabisa, usome jiwe la nne, lililo langoni. Limeandikwa: SASA NI HAPO TU.