Delphia na Foleni ya Dawa

Delphia Slone alikuwa askari katika jela ya kaunti moja milimani Kentucky, na ulimi wake ulikuwa mkali. Jela ilipoanza kuwapa mahabusu dawa ya kutuliza arosto, yale maumivu ya kukosa dawa za kulevya, alifoka mezani kwake: "Teja ni teja tu. Sasa tunawalisha unga wa serikali!" Mumewe Verlin, mchimba makaa aliyeacha kazi kwa maumivu ya mgongo, aliendelea kula maharage yake.

Kazi ya Delphia ilikuwa kuwachungulia wanawake kinywani, ahakikishe kipande chembamba cha dawa hiyo kimeyeyuka chini ya ulimi, hakijafichwa kikauzwe. Asubuhi moja alisema, "Fungua," akainua macho, na tochi nusura imponyoke. Mbele yake, mvi tele, ndani ya sare ya jela, alisimama Bi. Oma Tackett, mwalimu wake wa shule ya Jumapili.

"Mwalimu? Wewe?"

"Mimi, mwanangu. Usinitolee macho hivyo, nitadhani nimekufa."

"Imekuwaje?"

"Nyonga. Nilipasuliwa, nikapewa vidonge vya maumivu, nikavizoea. Daktari alipovikatiza, nikaghushi cheti chake cha dawa. Haya, chungulia, wenzangu wanangoja."

Delphia alichungulia. Arosto aliijua: miaka nenda rudi alikuwa amewaona wanawake wakigaragara sakafuni, wakitapika, wakiomba kufa. Kesho yake alimkuta Bi. Oma ameketi wima, anakula uji, anamtania mwenzake wa selo. Hilo nalo lilimwacha kinywa wazi.

Bi. Oma alipoachiliwa hakuwa na wa kumchukua, kwa hiyo Delphia akampeleka kwa gari lake hadi zahanati aendelee na dawa. Akasukuma mlango. Kwenye viti vya kungojea, kofia magotini, alikuwa Verlin.

"Verlin! Unafanya nini hapa?"

"Ninachofanya kila mwezi." Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. "Nachukua dawa, tangu vidonge vya mgongo vinishinde. Mwaka wa tatu huu."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie nini, Delphia? Umeniita teja mezani pangu mwenyewe."

Delphia alitaka kusema hakumlenga yeye. Bi. Oma akamsukuma begani.

"Keti, binti, unaziba njia."

Akaketi kando ya mumewe. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Hiyo dawa ina ladha gani?"

"Chungu," Verlin alisema. "Utadhani umetafuna ganda la chungwa."

Mwezi uliofuata Delphia mwenyewe alimpeleka Verlin zahanati, na Bi. Oma kiti cha nyuma, akilalamika kwamba anaendesha mbio.