Chumba Ambacho Kamba Haikuingia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba ya kupimia nikaambiwa nipime meza. Nilipima, nikataja futi na inchi zake, na yule Mwingereza aliyekaa barazani pale Kisarawe akasema, "Vizuri. Sasa nitapata nyumba nzima." Sikumwelewa. Nilikuwa mwanamke kijana, nimerudi kwa baba yangu Kibuta baada ya kupewa talaka. Nilijua kusoma na kuandika kwa sababu baba alikuwa mkaidi kuliko majirani zake.

Bwana huyo alikuwa anatafuta shahada ya juu ya mambo ya ujenzi. Ninyi vijana mnadhani utafiti ni kukaa maktaba. Yeye alitakiwa aandike tasnifu, yaani kitabu kizima cha hoja moja, na hoja yake ilikuwa nyumba zetu za udongo: zinavyojengwa, na hewa inavyopita ndani yake. Watu walimwita Bwana Futi. Wapimaji wake wa kwanza walikuwa wanaume, na kwetu mwanaume mgeni akiingia nyumba ya mtu hufika ukumbini akageuka. Nyuma ya hapo ni kwa wanawake. Kwa muda mrefu Bwana Futi alikuwa akichora nusu nyumba, ndipo akanihitaji mimi.

Nilijifunza kuchora ramani, yaani nyumba kama mwewe angeiona ikiwa haina paa. Nilijifunza kuvuta kamba isilegee, na kupima chumba mshazari, kona hadi kona, maana kuta za udongo hazinyooki na asiyepima mshazari huchora uongo. Mabibi walionijua tangu utotoni walinitania: "Zena kaachwa na mume, sasa kaolewa na kamba!" Nilicheka nao. Niliipenda ile kazi, wala sioni haya kusema.

Juu ya Bwana Futi alikuwepo Profesa, msimamizi wake kutoka Ulaya. Neno lake lilikuwa moja: nyumba iliyopimwa nusu haithibitishi kitu. Bila vyumba vya nyuma, vile visivyo na madirisha, shahada asiitegemee.

Nyumba iliyobeba tasnifu yote ilikuwa ya Bi Mwajuma, mjane wa pale Kibuta. Bwana Futi aliifuata tangu nguzo zinakatwa, fito zinafungwa, mpaka siku ya kukandika, watu wanapokanyaga udongo kwa miguu na kuujaza ukutani. Kilichobaki ni kupima ndani.

"Shikamoo, Bi Mwajuma."

"Marahaba, mwanangu. Pima utakako. Kile chumba cha mwisho kiache, mna mwali."

Mwali ni binti aliyevunja ungo, akawekwa ndani kufundwa mpaka siku ya kutolewa. Nikamwambia, "Mama, mimi si mwanamke? Naruhusiwa kuingia."

"Ingia, hata ukae ule naye. Kamba ibaki nje." Aliendelea kupeta mchele, kisha akanyanyua uso. "Kamba huingia chumbani kwa nani, Zena?"

Nilijua. Kwetu mtu akifa, waoshaji humpima kimo kwa kamba, nayo hupelekwa kwa wachimba kaburi. Bi Mwajuma alikuwa ameshazika binti mmoja, dada wa huyu.

Niliiacha kamba mlangoni nikaingia. Binti aliitwa Tatu. Alinishika mkono gizani akauliza, "Dada, ule mpapai wa uani umezaa?" Nikamwambia umezaa. Tukakaa tukizungumza habari za mpapai.

Bwana Futi alipoona chumba kile hakina vipimo, uso ulimwiva.

"Ulikuwa ndani!"

"Nilikuwa ndani, bwana."

"Basi kadiria! Taja hatua tu. Hujui kwamba nitakosa kila kitu nilichokijia huku?"

Ningeweza kukadiria. Mpimaji akikaa chumbani, macho yake hupima yenyewe. Lakini nilikuwa nimekubali kuiacha kamba nje, na kukadiria kungekuwa kuiingiza kwa siri.

"Mna mtu ndani, bwana. Mama yake anamhofia."

Alinifukuza kazi papo hapo. Kesho yake akaniita tena, hakusema samahani, akanipa kalamu.

Kisha Profesa akaja mwenyewe. Tulitandaza michoro mezani, nami nikashika ncha zisipeperuke. Kiingereza changu kilitosha kuwafuata. Alitua kidole kwenye kile chumba cha Bi Mwajuma kilichoachwa cheupe, bila vipimo.

"Hapa pana nini?"

"Pana mtu," akajibu Bwana Futi.

"Basi nyumba hii iondoe."

"Siiondoi."

Nilimpenda siku ile, na nisemapo hivyo msinielewe vingine. Nilimpenda kama mtu ampendavyo aliyesimama naye.

Profesa aliagiza nyumba nyingine nyingi zipimwe. Tukahamia upande wa Kibaha, vijiji vya karibu na Mlandizi, tukapima masika yote miguu ikizama kwenye tope. Shahada ilipatikana, ila kwa kuchelewa, na kazi aliyoahidiwa kwao ilikuwa imeshapewa mwingine. Kwa hilo hakunilaumu hata mara moja. Mzigo huo ninao mpaka leo, ingawa ningerudishwa pale ningefanya vilevile.

Niliendelea kupima nyumba za watu chini ya wakubwa wengi, mpaka nikastaafu nikajenga hapa Maili Moja. Wapimaji vijana niliwafundisha mambo mengi, na wamesahau mengi. Natumaini hili moja wanalo: kabla hujafungua kamba, uliza nani yumo.

Tatu sasa ana wajukuu. Hunijia na papai, kwa kuwa siku hizi miguu yangu hainifikishi popote. Juzi nikamwambia, "Tatu, siku yangu ikifika, kamba uishike wewe."

Hakuacha kumenya.

"Nitaishika, dada," akasema. "Leo iache nje."