Ndovu Waliochuruzika Nyahururu

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi lori la viazi liliwashwa karibu na soko la Gikomba, likirudi tupu Nyahururu, na harufu ya polishi ya viatu ikanipanda puani kutoka kwenye gunia nililokuwa nimelikalia. Saa naikumbuka kwa sababu saa ya mkono ya dereva ilipita mbele ya macho yangu aliponivuta juu. Hadi leo nikipita penye wang'arisha viatu, hatua zangu hupungua zenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa mchongaji, Mkamba wa Kitui, na sisi tuliishi mtaa wa Jericho huku yeye akifanya kazi kwenye kibanda cha mabati huko Majengo. Ndani ya gunia mlikuwa na ndovu thelathini na twiga kumi, weusi ti. Mama Nyambura, aliyewauzia watalii vinyago kando ya maporomoko ya maji ya Nyahururu, alikuwa ametuma neno kwamba akiridhika na mzigo huo atachukua mwingine kila mwezi. Asiporidhika, Mama na wadogo zangu wangerudi Kitui, maana kodi ya nyumba ilikuwa imemshinda Baba, na shule yangu ingeishia hapo. Baba alitueleza hayo wakati wa chakula bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma tangazo la kanisani.

Kazi ya kupaka polishi ilikuwa yangu. Baba alichonga, Mama akasugua kwa msasa, kisha Baba mwenyewe akamchovya kila mnyama katika rangi nyeusi ya unga aliyoiyeyusha kwa maji moto ndani ya karai. Rangi ikikauka, mimi nilipaka polishi kwa kitambaa: mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, siku nzima ya kukauka, kisha mkono wa pili. Mti wenyewe ulikuwa mjakaranda, mweupe na laini. Kibandani waliuita mpingo, nasi nyumbani tukauita mpingo, na sikuona ajabu yoyote.

Sasa nawaambia ninyi jambo ambalo sikumwambia Mama hadi anazikwa. Ndovu kumi na wanne wa mwisho niliwapaka mkono mmoja tu. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba nje, nami nilichoka. Hakuna aliyeniona. Baba alizoea kusema, "Mti ukiuharakisha utakuaibisha," na maneno hayo yalikaa nami juu ya gunia njia nzima.

Tulipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa, dereva alisimamisha lori ili injini ipoe, akatuonyesha mimi na Baba Mlima Longonot.

"Ule ulikuwa ukitapika moto zamani," akaniambia. "Sasa umechoka, kama mimi. Mkamba, hata ule unaweza kuuchonga?"

"Ushachongwa," Baba akajibu. "Juu ni shimo tupu. Aliyeuchonga alitoa moyo wote akabakisha ganda."

Dereva akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu moyoni ni ndovu gani wako juu ya gunia na ni gani wako chini.

Nyahururu ilinipokea kwa baridi ambayo mtoto wa Jericho hakuwa na nguo yake. Ilikuwa siku ya soko. Kabichi zilipangwa chini kama mawe ya msingi, wanawake waliovaa sweta mbili mbili walipima viazi kwa debe, na hewa ilinuka udongo mbichi, moshi wa kuni na manyoya ya kondoo yaliyolowa. Baba alininunulia hindi la kuchoma, akabeba gunia begani, tukatembea. Tuliyasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Yalinguruma bila kupumzika, na kadiri tulivyokaribia ndivyo nyuso zetu zilivyolowa, ingawa mbingu ilikuwa wazi.

Kibanda cha Mama Nyambura kilikuwa karibu kabisa na ukingo, mahali upepo unaporudisha manyunyu juu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kilemba cha sufu na sauti ya chini.

"Karibu, fundi. Na huyu ndiye karani wako?"

"Ni Mwende, kifungua mimba wangu."

"Mwende, meno yanagongana kama ya mbuzi. Kaa hapo karibu na jiko."

Baba aliwapanga wanyama juu ya meza ya mbao, nje, penye mwanga. Alianza na ndovu wakubwa. Walipendeza. Mama Nyambura aliwazunguka polepole, akauliza ni mti gani, na Baba akasema mpingo. Akauliza tena, Baba akasema tena. Kisha wakaongea habari za barabara na mvua, na manyunyu yakaendelea kuja.

Niliona mimi kwanza. Tone moja jeusi lilitoka chini ya sikio la ndovu, likateremka mguuni, likasimama kwenye ubao. Likafuatwa na jingine. Mama Nyambura alimwinua ndovu yule, akampapasa mgongo, akageuza kiganja chake kukitazama. Kilikuwa cheusi.

"Fundi," alisema, "mpingo naujua. Haulii ukinyeshewa."

Mimi nilikuwa nimeshika hindi langu bila kulila, nikiwatafuta kwa macho wale kumi na wanne. Sikuweza kuwatofautisha.

"Kosa ni langu, Mama Nyambura," Baba akasema. "Mtoto hana kosa lolote hapa."

"Sijamtaja mtoto."

"Najua."

Alitupa chai na viazi vya kuchemsha, lakini mzigo hakuuchukua. Mwisho wa mwezi Mama na wadogo zangu walirudi Kitui. Mimi nilipelekwa Kayole kulea watoto wa binamu ya Baba, nikiwa darasa la sita. Niliyoyajua baadaye niliyatoa kwenye vitabu vikuukuu vya kando ya barabara, kimoja baada ya kingine, usiku na mchana wa miaka mingi. Na miaka hiyo yote niliamini kwamba niliivunja nyumba yetu kwa mkono mmoja wa polishi, na kwamba baba yangu alisema uongo ili kunifunika.

Mwaka jana nilipata kipande cha mjakaranda kwa fundi seremala. Nilikikata vipande vitatu, nikachovya vyote katika rangi ya unga, nikavipaka polishi: cha kwanza mkono mmoja, cha pili miwili, cha tatu mitano. Nikaviweka chini ya bomba linalodondoka. Vyote vitatu vilichuruzika weusi, vikipishana kwa dakika chache. Rangi iliyoyeyushwa kwa maji huyeyuka tena kwa maji. Hakuna mchongaji aliyechonga miaka ishirini, kama Baba, asiyejua hilo.

Nilikaa kando ya lile bomba hadi magoti yakauma. Nilimkumbuka Baba kitandani, wiki yake ya mwisho, akinishika mkono na kusema, "Mwende, siku ile ya maporomoko sikuwa nakufichia kosa." Nilidhani bado ananihurumia. Nilimwambia najua, asijichoshe, anywe uji.

Akanywa.