Funguo malaya zangu zilivyokwama posta Kyela kwa sababu ya neno moja kwenye fomu

Wakuu, heshima kwenu. Vuteni viti, hii ni yangu mwenyewe, siyo ya "rafiki yangu mmoja".

Mimi ni fundi vitasa, niko Mbugani, Kyela mjini. Kufuli, kitasa, sanduku la bibi, mlango wa gari, nalala navyo. Sijisifu ila nikisema mlango huu unafunguka, we tafuta tu pa kukaa.

Kazi nilifundishwa Njombe na mzee mmoja, Babu Mligo. Mzee ana seti ya vijichuma alivyochonga kwa mkono, vya misumeno ya chuma na spoku za baiskeli. Za dukani hazioni ndani. Sisi mafundi tunaziita funguo malaya, maana hazichagui mlango.

Sasa macho ya Babu yakaisha. Akanipigia: "Nakutumia zote. Nikizibakiza hapa, hawa watoto watazipima kwa kilo kwa wanunua vyuma chakavu." Wakuu, nilitoka nje ya kibanda nikasimama tu. Miaka sita ya kujifunza kwake nilikuwa sijaruhusiwa hata kuzigusa bila yeye kuwepo.

Najua mtauliza kwa nini hakutuma kwa basi. Mzee ni wa zamani, kwake kitu cha maana kinapita posta na kinagongwa muhuri. Basi.

Nikaitwa kuchukua mzigo. Nimevaa shati la kanisani kabisa.

Dirishani kuna mama mmoja mtu wa Tanga, amehamishiwa huku kikazi. Nimwite Mama Zuhura. Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu kufungua mdomo, sisi ambao tumeanza na Kinyakyusa. Akaangalia fomu, akaniangalia mimi, akaangalia tena fomu.

"Mwanangu, hapa kwenye yaliyomo pameandikwa malaya kumi na nne."

Foleni nzima ikanyoosha shingo. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa kwaya yetu. Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Kumbe Babu kwa macho yale aliandika "malaya 14", neno funguo akalisahau! Nikaanza kujieleza haraka haraka: mama, siyo hivyo, ni funguo malaya, ni za kazi.

Nikadhani nimejiokoa. Wapi!

"Funguo malaya nazijua," akasema. "Ndiyo shida yenyewe sasa."

Akaniweka pembeni, kwa upole tu. Kifaa cha kufungulia kufuli za watu hakikabidhiwi hivi hivi kama pea ya viatu. Anataka aone kuwa anayepokea kazi yake ni hiyo. Leseni ya biashara, hiyo ninayo, ipo ukutani na fremu. Pili, barua ya kiongozi wa ninapoishi anayenifahamu. Na siku zile kule mpakani Kasumulu kulikuwa na maneno kwamba kuna makufuli ya malori yanafunguliwa bila kuvunjwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya utani. Nisipoleta barua ndani ya wiki, mzigo unarudi kwa mtumaji.

Kurudi kwa mtumaji maana yake ni kwenye mzani wa vyuma chakavu.

Sasa sikieni stress yenyewe. Kiongozi ni mwenyekiti wetu wa kitongoji. Na mimi na mwenyekiti tulikuwa hatusalimiani.

Mwaka juzi aliniita nifungue chumba cha mpangaji wake, mwalimu aliyekuwa amekwenda kwao Matema likizo. Anadai kitanda kilichomo ni chake, anataka kukitoa. Mimi nina sharti moja: mwenye chumba asipokuwepo, sifungui, hata uwe nani. Nikakunja mkoba wangu. Alinitukana mbele ya mke wake na majirani, akasema nitakufa njaa na masharti yangu. Toka siku hiyo akiwa na shida ya kitasa anaita fundi kutoka Tukuyu. Tukuyu, wakuu! Kunikomoa tu.

Siku tatu nilizunguka bila kumwendea. Ya nne nikasema potelea mbali, nikaenda.

"Ugonile, mwenyekiti," nikamsalimu kwa Kinyakyusa. Hakuitika. Nikaeleza shida yangu nimesimama, kiti sikupewa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akakaa sana. Akatoka na bahasha ameshaigundisha na kuigonga muhuri juu ya gundi.

"Peleka." Neno moja tu.

Mimi ninayefungua kila kitu Kyela hii, ile bahasha ilinichoma mfukoni njia nzima. Gundi yenyewe bado mbichi. Niliogopa, nasema kweli. Nilikuwa na uhakika kaniandika mwizi. Lakini sikuifungua.

Mama Zuhura akaichana, akasoma kwa sauti, sijui kwa makusudi:

"Kijana huyu namfahamu. Nilimwita afungue chumba cha mpangaji wangu ambaye hakuwepo. Alinikatalia mbele ya mke wangu. Nilimchukia na bado sijamaliza. Ila kama funguo hizo hapewi yeye, sijui apewe nani."

Nikageukia ukutani kusoma tangazo. Hata sijui lilihusu nini.

Nikasaini, nikachukua mzigo wangu.

Mafundi wenzangu, sisemi ndiyo utaratibu wa kila dirisha nchi hii, ulizeni posta yenu KABLA ya kutuma. Ila andikeni "vifaa vya fundi vitasa", taja kazi ya mpokeaji, weka na kopi ya leseni. Hayo majina yetu ya kijiweni yabaki kijiweni. Na yule mteja unayemkatalia leo, mkatalie kwa adabu, huwezi kujua ataandika nini.

Nilikwenda kumshukuru mwenyekiti, "ndaga fijo", asante sana. Safari hii nilipewa kiti. Akaniambia kitasa cha mlango wake wa uani kinasumbua, nije nikiangalie.

Nilikwenda na seti ya Babu. Nikamwambia tusubiri kwanza mke wake, mama mwenye nyumba, arudi sokoni, ndiyo nianze.

Alinitazama weee, halafu akavuta kiti cha pili, tukamsubiri.

Haya, wa posta na wa vitasa mpo? Nani hapa aliwahi kukwamishwa na neno moja tu kwenye fomu? Mwageni.