Msichana Aliyevuka Mto Badala ya Nyawira

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu aliyesimuliwa na shemeji yake. Kilinipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu, bila homa, bila tone la pombe. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtu akianza habari za aina hii, wengi huuliza kwanza alikuwa amekunywa nini. Mimi nilikunywa chai, tena ya maziwa ya ng'ombe wetu. Niamini au usiniamini, lakini usiniambie nililewa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi kwetu Mweiga, kule Nyeri, na digrii ya historia, kungojea kazi ambayo haikuwa ikinijia. Nilikuwa mtu wa kuwaza sana, na bado niko hivyo. Mama alikuwa akisema kwamba nikitumwa chumvi nasimama kwanza njiani nikijiuliza kama duka litakuwa limefunguliwa, na kama limefunguliwa, kwa nini limefunguliwa mapema.

Basi wakaja Wazungu wa filamu. Walipiga mahema yao karibu na msitu, pale mto unaposhuka kutoka milima ya Nyandarua ukiwa baridi hata wakati wa jua. Ilikuwa filamu ya familia, ya watoto wawili majasusi, kaka na dada, wanaotumwa kazi za siri na kuwashinda watu wazima. Tena ilikuwa sehemu ya pili. Ya kwanza hakuna mtu wa Mweiga aliyewahi kuiona.

"Ati wanatuletea ya pili, na ya kwanza wameficha wapi?" fundi wa baiskeli aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeificha.

Walinichukua niwe mkalimani. Siku chache baadaye wakataka mtoto wa kuvuka mto. Wale watoto wawili wa Kizungu hawakuruhusiwa kuingia majini, kwa sababu bima yao haikukubali. Watoto wetu hawakuwa na bima, kwa hiyo hakukuwa na wa kukataa. Walitazama kimo cha kila mtoto aliyekuja kushangaa, wakamchagua dada yangu Nyawira, kitinda mimba wetu. Angevaa ovaroli nyeusi ya majasusi, kofia ya kitambaa inayofunika kichwa na mdomo, na miwani mikubwa kama ya wachomelea vyuma. Kwa mbali, nani angejua rangi yake?

Nyawira hakulala kwa furaha. Mama hakulala kwa hofu. Alikubali kwa sharti moja tu, na alinishika mkono akilisema: "Wewe ndiye utamrudisha hapa nyumbani. Si dereva, si Mzungu. Wewe."

Nikaahidi. Kumbuka ahadi hiyo, maana ndiyo iliyoniponza.

Na kuna jambo jingine lazima ulijue. Kwetu mtoto hapewi jina ovyo. Hupewa la mtu wa ukoo, na wazee husema kwamba aliyeitwa jina hilo ndiye mwenyewe amerudi. Nyawira aliitwa jina la dada mkubwa wa baba yangu. Dada huyo alikufa akiwa mtoto, enzi za Hali ya Hatari, Waingereza walipowawinda Mau Mau msituni na kuwafungia watu wetu vijijini. Hayo tu ndiyo tuliyoambiwa. Ukimuuliza cucu, mama yake baba, alikufa vipi, angevuta ungo wa maharagwe na kuanza kuchagua, hata kama yalikwisha chaguliwa. Ukimuuliza baba, alikuwa Kutus akifanya kazi ya mpunga, na hata akiwa nyumbani alisema yeye wakati huo alikuwa wa kubebwa mgongoni, atajuaje?

Siku ya kuvuka mto ilikuwa Jumamosi. Mimi nilitangulia asubuhi na mapema. Nyawira angeletwa na mama baada ya kukamua. Jua lilipokuwa limepanda kidogo nikaenda kwenye hema la mavazi, nikamkuta amekwisha kuvaa, kofia, miwani na vyote. Rehema, mwanamke wa Nairobi aliyewavalisha waigizaji, alikuwa anamfunga glavu.

"Dada yako ni baridi kama samaki," aliniambia akicheka. "Na si alikuwa msemaji juzi? Leo amemeza ulimi."

"Ni woga," nikasema. Ni nani asingesema hivyo?

Mwongozaji akanieleza, nami nikamweleza mtoto kwa Kigikuyu: utatoka kwenye vichaka, utapanda lile gogo, ukifika katikati utageuka uangalie nyuma, halafu ukimbie.

"Sigeuki," akasema kupitia kile kitambaa. "Ukigeuka wanauona uso wako."

Nilidhani amekuwa akisikiliza hadithi yao vizuri kuliko mimi. Kisha akanionyesha kwa kidole vijana wetu wa Mweiga waliovalishwa sare za askari na kupewa bunduki za mbao.

"Wale ni wa upande gani?"

"Hao ni akina Gitonga," nikamwambia. "Yule wa mbele ndiye hutuletea makaa. Huoni?"

Kamera zilipoanza hakupanda gogo hata kidogo. Alishuka ukingoni, akaingia majini, akapita juu ya mawe ambayo sisi hatukuwa tumeyaona, ameinama, bila kurusha tone la maji. Akatokea ng'ambo, akamezwa na majani. Halafu Mzungu akapiga makofi, wote wakapiga makofi, na akina Gitonga wakarusha kofia zao juu. Mzungu akaniambia mtoto yule amezaliwa kwa kazi hii.

Nilijivuna. Nakiri kwamba nilijivuna.

Tulifunga kazi jua likizama. Wengine walivua nguo za filamu. Yeye alikataa, akakaa pembeni amejikunyata, na Rehema, aliyekuwa amechoka, akasema ovaroli nitairudisha Jumatatu. Tukashika njia ya nyumbani kando ya mashamba ya viazi. Nilipotaka kumshika mkono akaurudisha nyuma.

"Tembea mbele," akasema. "Mimi nakufuata. Ukiulizwa, hunijui."

Nikacheka. "Sawa, jasusi."

"Jasusi ni nini?"

"Si ndiwe wewe."

Nilipogeuka nikaona hakanyagi njia. Alikuwa anapita kwenye nyasi, pembeni, mahali ambapo mguu hauachi alama. Nikamwuliza kama hajachoka na mchezo. Akaniuliza kama bado kijiji kimezungushiwa handaki, na kama mlinzi wa daraja ni yule yule mwenye jicho moja. Hebu fikiria. Ungejibu nini? Mimi, niliyekuwa na mazoea ya kulichambua kila neno, nilijiambia tu kwamba mtoto amechanganya filamu na hadithi za shuleni. Lakini kuanzia hapo sikugeuka tena. Nilisikia nyasi zikilala nyuma yangu hadi tulipofika langoni.

Mama alitoka mbio na taa ya mkono.

"Umekuwa wapi? Sikumtuma mtoto wa jirani akwambie? Nyawira ana homa tangu asubuhi! Yuko kwa cucu, hata uji umemshinda!"

"Nyawira yupi?" nikauliza. "Nyawira huyu hapa."

Nikageuka. Langoni hakukuwa na mtu. Mama alinitazama usoni, na nadhani aliona kitu, kwa sababu hakuuliza tena. Alinivuta hadi nyumba ya cucu, ile ya mbao iliyo nyuma ya jikoni, akafunga mlango kwa komeo. Na kweli, dada yangu alikuwa kitandani, macho nusu wazi, midomo imekauka, mwili unachoma. Mkono wake nilipoushika haukunishika.

Sasa niliyekuwa nimetembea naye ni nani?

Sikuwaza kwa muda mrefu. Mlango uligongwa, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha majirani.

"Mama," sauti ikasema. "Nimerudi. Nifungulie."

Mama yangu akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Cucu akamwambia anyamaze. Sijawahi kumsikia cucu akimnyamazisha mtu akiomba. Alisimama bila fimbo, akaenda mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo. Uso wake, niamini, ulikuwa wa mwanamke kijana.

"Ni mtoto wangu," akasema. "Nilimtuma mimi. Nilimpa viazi na maneno ya kupeleka msituni, kwa watu wetu, kwa sababu askari walikuwa hawapekui watoto. Alikwenda mara nyingi akarudi. Siku moja wakamrudisha wao."

"Cucu, toka mlangoni," nikasema.

"Walimsimamisha hapo alfajiri. Wakaniuliza, unamjua huyu? Ningesema namjua, tungekufa sote na nyumba ichomwe. Baba yako alikuwa mgongoni mwangu. Nikasema simjui. Naye nilikuwa nimemfundisha, akisimamishwa, asiniite mama. Hakuniita. Wakampeleka upande wa mto."

Nje ile sauti ikasema, karibu zaidi, kana kwamba mdomo umegusa mbao: "Mama, kuna baridi. Nimevuka. Hakuna aliyeniona."

Cucu akaanza kuvuta komeo. Papo hapo dada yangu kitandani akashusha pumzi ndefu, na baada yake haikuja nyingine. Mama akapiga ukelele. Cucu akageuka. Alimtazama mtoto kitandani, akautazama mlango. Akarudisha komeo mahali pake, na dada yangu akavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini.

Mimi nilisoma miaka yangu yote, na hesabu ile sikuhitaji kufundishwa. Jina lilikuwa moja. Ndani lilikuwa na mwenyewe, na nje lilikuwa na mwenyewe. Aliyekuwa nje akiingia, wa ndani angetoka.

"Mama," sauti ikasema. Sasa haikuwa sauti ya kubisha hodi. Ilikuwa ya mtoto aliyeshikwa. "Wananiuliza kama unanijua."

Sikusikia mtu mwingine huko nje, nakuapia. Upepo tu na migomba. Lakini cucu alinyoosha mgongo kama anayesimama mbele ya watu wenye bunduki, akasema kwa sauti tulivu, sauti ya mtu anayejibu karani:

"Simjui. Mtoto huyo si wangu. Mpelekeni."

Hakukuwa na kilio. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Tulisikia nyasi tu, zikilala moja baada ya nyingine, kuelekea mtoni.

Nyawira alitokwa na jasho usiku ule na asubuhi akaomba uji. Leo ni mzima, ameolewa Mukurweini, na hakumbuki chochote. Ovaroli haikupatikana. Rehema alinitukana Jumatatu, nami nikafukuzwa kazi. Nilimwambia kwamba dada yangu hakuwahi kufika mtoni siku ile. Aliniuliza basi yeye alimvalisha nani. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Nimejiambia ni mtoto wa jirani aliyetaka kuonekana kwenye picha. Nimejiambia ni homa ya dada yangu iliyoniingia kwa hofu. Maelezo yote yanakwama kwa cucu, kwa sababu kuanzia siku ile hakumwita tena dada yangu kwa jina. Alimwita "wewe". Uji alimpikia, kichwa alimsuka, lakini jina halikutoka kinywani mwake. Na ungo wa maharagwe hakuugusa tena. Alikaa tu akitazama mikono yake.

Filamu ilikuja baadaye kwa kanda. Niliitazama kwenye ukumbi wa video mjini Nyeri, peke yangu, katikati ya watu wanaotafuna njugu. Mto wetu upo. Anaonekana akivuka, ameinama, mwepesi, na watu wakapiga miluzi. Halafu wanakata picha, na ng'ambo anatokea yule mtoto wa Kizungu, nywele zimelowa kidogo, anatabasamu. Jina lake linaandikwa mwishoni kwa herufi kubwa. Aliyevuka hakuandikwa popote.

Nilimwambia cucu kwamba nimeiona. Alikuwa amelala, hakuwa wa kuinuka tena. Akauliza:

"Yule mtoto, anafika nyumbani?"

"Anafika, cucu."

"Na mama yake anamfungulia?"

"Anamfungulia. Wanakumbatiana, filamu inaisha."

Akageukia ukutani. "Basi mama huyo," akasema, "hakuwa na mwingine ndani."

Hakuniambia neno jingine hadi tulipomzika.

Wewe unayesoma, kama kwenu kuna jina linalotajwa kwa sauti ya chini, uliza leo, mchana, wenye kujua wakiwa bado hai. Usikubali kuzimwa kwa ungo wa maharagwe. Usingoje mwenye jina aje kuuliza mwenyewe mlangoni, maana akifika hapo mtamjibu tu mnavyoweza, na jibu hilo mtakaa nalo.